Msonyo wa Fundi Kochi

Juisi ilitiwa barafu nyingi kuliko kawaida, kwa sababu binti alitaka wageni waone kwamba nyumba hii nayo ni nyumba. Glasi sita zilipangwa kwenye sinia zikitoa jasho. Ya mwisho akapewa baba yake, fundi wa makochi, ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, ulimwita Fundi Kochi. Aliipokea kwa mikono miwili na kuitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyefungwa kamba.

Wageni walikuwa watatu: kijana mmoja msoma mita za maji, mama yake, na baba yake, mwalimu mkuu mstaafu aliyevaa koti zito mchana wa jua kali. Walikaa kwenye kochi alilolivalisha Fundi mwenyewe mwezi uliopita, kitambaa cha kijani, vishikizo vimezama sawasawa kama vitovu vya watoto. Pembeni alikaa dada yake Fundi, shangazi wa binti, ambaye kwa kawaida huongea kwa niaba ya watu watatu lakini leo alikuwa amejizuia kwa heshima ya shughuli.

"Mzee mwenzangu," Mwalimu Mkuu akaanza, "sisi hatuna maneno mengi. Kijana wetu amemwona binti yenu, na binti yenu amemwona kijana wetu. Kilichobaki ni sisi wazee tuone walichokiona wao. Tumekuja kuomba."

Fundi Kochi alikuwa na jibu. Siku tatu alikuwa akilifanyia mazoezi huku akipiga misumari: karibuni, hapa mmefika kwenu. Lakini koo lilimkauka, na ili alilainishe, kwa adabu pia, akapiga funda moja la ile juisi.

Baridi ikaingia kwenye meno ya juu upande wa kulia, ikapanda shavuni, ikafika nyuma ya jicho na kukaa hapo. Akauma meno. Na kama inavyokuwa kwa mtu aliyechomwa, pumzi ikajivuta yenyewe kwa ndani, ikipita katikati ya meno na mate. Sauti iliyotoka kila mtu pale sebuleni aliijua tangu utotoni. Ulikuwa msonyo. Mrefu, wenye maji, wa mtu anayekuambia kwamba wewe na ukoo wako si kitu.

Kipande cha barafu kikapasuka ndani ya glasi ya mtu. Fundi, macho yamefumbwa, akainua kiganja akitaka kusema ngojeni kidogo. Wao waliona kiganja kinachowafukuza.

"Tumesikia," akasema Mwalimu Mkuu, akaweka glasi mezani bila kuinywa.

Maumivu yenyewe hayakufika hata dakika moja. Fundi alipofumbua macho, mama wa kijana alikuwa ameshatoka nje, na Mwalimu Mkuu ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu, polepole, kama wanavyofunga watu wenye mgongo mbovu. Kwa hiyo muda ulikuwepo. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba muda ulikuwepo. Maneno yalikuwa matatu tu: samahani, ni meno. Akamtazama binti yake aliyesimama na sinia tupu, akaiona nyumba hii bila yeye, chumba kimoja na kingine na ukimya katikati, akaona kwamba jambo hili linaweza kufa lenyewe bila yeye kulikataza. Akafunga mdomo, na safari hii meno hayakuwa na kosa.

&nbsp;

Alimkuta jikoni akisugua glasi.

"Baba, kama humtaki si ungeniambia mimi?" Hakugeuka. "Ungenisonya mimi mwanao. Kwa nini watu wazima na makoti yao?"

"Mama, acha nikusaidie hizo glasi." Alimwita mama tangu alipozaliwa, na tangu marehemu mkewe aondoke miaka miwili iliyopita lile jina lilikuwa zito zaidi.

"Zimeshaoshwa."

Hazikuwa zimeoshwa. Lakini Fundi aliondoka.

Binti alikuwa mwalimu wa chekechea, mwenye miaka ishirini na tisa na subira ya kufundisha watoto arobaini kufunga vifungo. Kwa siku nne alimpa baba yake haki zake zote: shikamoo asubuhi, chai mezani, shati limepigwa pasi. Hakumnyima kitu isipokuwa mazungumzo. Jioni ya tano akasema, akiwa amekaza macho kwenye sahani yake, "Nimemwambia asije tena. Nitakaa hapa."

Ndicho alichokitaka Fundi. Alipaswa kulala usingizi wa mtoto. Badala yake aliutazama mgongo wa binti yake, maana siku hizi alikula ameelekea dirishani, akahisi upweke ambao hakuwahi kuusikia hata wiki ile ya mazishi. Wakati ule walikuwa wawili wanaomlilia mmoja. Sasa wamekaa wawili na kila mmoja yuko peke yake.

&nbsp;

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Mafundi wa makochi wa zamani hufanya kazi na mdomo umejaa misumari. Unatia kiganja kizima mdomoni, midogo ile yenye vichwa bapa, ulimi unaipanga, midomo inaitoa mmoja mmoja, mkono wa kushoto unavuta kitambaa na wa kulia unapiga. Fundi Kochi aliweza kumaliza kiti kizima bila kutazama chini, na akibanwa kusalimia alisalimia na misumari humohumo. Alikuwa amefanya hivyo miaka thelathini na mitano. Mkewe alizoea kumwambia kwamba siku akipiga chafya atatoboa ukuta.

Sasa hakuweza. Tangu miezi saba iliyopita hivi, chuma kikigusa meno ya mbele alirushwa kama aliyeshika waya wa umeme. Chai ya moto ilimuuma, maji ya mtungi yalimuuma, chungwa lilimuuma kuliko vyote. Hata upepo ulimuuma. Akiongea asubuhi kwenye baridi, kila neno lililoingiza hewa lilimchoma, na hapo ndipo alipoanza kupunguza maneno. Alijibu kwa kichwa, kisha kwa nyusi. Watu wakasema Fundi tangu afiwe amenuna, na yeye akaona kumwacha mtu aseme umenuna ni nafuu kuliko kukiri kwamba mwanamume mzima anaogopa chungwa.

Tiba alijitibu mwenyewe, na alijitibu kifundi. Maisha yake yote alijua kwamba kitu hakitakati bila kusuguliwa, na mbao ikikwaruza unaiongezea msasa. Akanunua mswaki mgumu kuliko yote dukani, akawa anasugua kulia na kushoto kwa nguvu za bega, asubuhi na jioni, mpaka nywele za mswaki zikalala pande zote. Jirani mmoja akamwambia limau na chumvi huua ganzi. Basi kabla ya kusugua akawa anafyonza kipande cha limau, machozi yanamtoka, akijisifu kwamba dawa chungu ndiyo dawa. Meno yakawa meupe kweli. Na yakazidi kuuma, naye akazidi kusugua.

&nbsp;

Dada yake alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni.

"Habari zako zimefika mpaka kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mwalimu Mkuu anasema hawezi kuposa kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba anasonya wageni. Mimi nimekaa pale nimevaa gauni langu la harusi ya watu, unaniaibisha. Wewe una mdomo au una kufuli?"

Fundi akainua nyusi.

"Usinipandishie nyusi. Nimekubeba mgongoni mimi." Akamchotea kikombe cha maji kwenye mtungi. "Kunywa, tuliza roho, halafu uniambie huyo kijana amekukosea nini."

Kwa dada mkubwa mtu hasemi hapana. Akanywa. Maji yakagusa palepale, na ile sauti ikatoka tena, ndefu vilevile.

Dada akarudi nyuma hatua moja. "Umenisonya? Mimi?"

"Ni meno, dada!" Ikamtoka kwa kelele, mkono uko shavuni. "Ni meno. Yananiuma. Hata siku ile yalikuwa meno."

Dada akamtazama, kisha akaketi juu ya kochi lisilo na sponji, spring zikalia, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukujua wewe. Wewe umeumbuliwa na juisi." Akacheka tena kidogo. Halafu kicheko kikamwisha, maana alikuwa mwanamke mwenye akili.

"Ngoja kwanza. Meno ndiyo yaliyouma. Ulimi nao uliumwa na nini? Watu wamefunga viatu pale mlangoni muda wote ule, nimekutazama. Ulikuwa huumwi tena."

Fundi akaokota nyundo, akaiweka chini.

"Unaogopa kubaki peke yako," dada akasema kwa upole ambao ulimuuma kuliko ukali. "Sema tu. Si dhambi kuogopa. Dhambi ni kumfanya mtoto alipe."

Fundi alijifuta uso kwa kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye lile kochi la wageni, na dada akajifanya hajaona.

&nbsp;

Jumatatu alikwenda zahanati ya meno. Alikaa kwenye benchi kati ya mtoto anayelia na mama anayemtisha mtoto anayelia, akiwa ameshaamua: yang'olewe yote, tumalizane.

Daktari alikuwa msichana wa rika la binti yake. Alimlaza kwenye kiti kirefu, na Fundi, hata katika hofu yake, akapapasa mshono wa ngozi ya kile kiti na kuona kwamba umefanywa na mtu mwenye haraka. Daktari akampulizia hewa kwenye meno kwa kibomba kidogo, jino moja baada ya jingine. Kwenye la tatu, msonyo.

"Samahani mwanangu," akasema Fundi upesi. "Sikukusudia."

"Usijali, baba. Hapa nasonywa kutwa nzima." Akaweka kibomba pembeni. "Hayajaoza. Hakuna la kung'oa. Unapiga mswaki vipi?"

Akamwonyesha kwa mkono. Daktari akatazama lile bega likienda na kurudi, akauliza anatumia nini zaidi, akaambiwa kuhusu limau na chumvi. Akauliza kuhusu ule mkwaruzo kwenye meno ya mbele, akaambiwa kuhusu misumari.

"Kazi yako ni makochi?"

"Miaka thelathini na mitano."

"Basi utanielewa kuliko mtu yeyote aliyekaa hapo. Kochi lina kitambaa juu, ndani sponji, chini spring. Jino nalo hivyohivyo. Juu kuna ganda gumu, chini yake sehemu laini yenye vijitundu vidogo sana, na mle ndani kabisa mshipa wa fahamu. Huku chini kwenye shina halina lile ganda gumu, linafunikwa na fizi. Wewe kwa mswaki wako umezisukuma fizi zikarudi nyuma, shina likabaki wazi. Limau linalainisha ganda, halafu hapohapo unalikwangua. Misumari imelimegua mbele. Sponji yako iko nje, baba. Kila baridi inayopita inaingia moja kwa moja."

Fundi Kochi alilala akitazama taa. Miaka yote ile aliwagombeza wateja wanaosugua makochi kwa brashi ya chuma.

"Unalivalisha tena?" akauliza.

"Jino halivalishwi upya. Ila tunaweza kuziba vile vitundu visipitishe baridi." Akamwandikia: mswaki laini, ushikwe kwa vidole kama kalamu na si kwa ngumi, dawa ya meno ya watu wenye meno ya kuuma hivi, mara mbili kwa siku, na akimaliza ateme tu bila kusukutua, kabla ya kulala apake nyingine kidogo kwa kidole palipo na maumivu, aiache. Limau mwisho. Akila kitu kichachu asubiri nusu saa kabla ya mswaki. "Na misumari tafuta pengine pa kuiweka. Usitegemee miujiza kesho. Jipe wiki nne, hata nane. Yasipotulia rudi, zipo njia nyingine."

Alipokuwa anashuka, daktari akamuuliza, "Miezi saba umevumilia kwa nini? Nyumbani huna mtu wa kumwambia?"

"Ninaye," akasema Fundi. Njia nzima lile jibu lilimsumbua.

&nbsp;

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Mwalimu Mkuu.

Walimpokea barazani, hawakumkaribisha ndani. Kijana alikuwa kazini. Mwalimu Mkuu alikaa na gazeti, mkewe alikuwa akichambua mchele, na hakuna aliyemsogezea kiti. Fundi akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nimekuja kwa ajili ya siku ile," akasema. "Sikuwasonya. Ni meno yangu, yanashtuka yakiguswa na baridi. Ile ilikuwa ni juisi."

Mwalimu Mkuu akakunja gazeti mara mbili. "Meno."

"Meno."

"Nimefundisha miaka thelathini na nane, mzee mwenzangu. Nimeambiwa mbuzi amekula daftari. Nimeambiwa bibi amekufa, bibi huyohuyo mara nne."

Fundi akaona hataaminiwa. Akamgeukia mama. "Naomba maji. Ya baridi sana, kama yapo."

Mama akamtazama mumewe, akaingia ndani, akarudi na glasi iliyotoka kwenye friji. Fundi akaishika. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimlazimisha. Akanywa funda kubwa, akalisukuma kwa makusudi upande wa kulia, akakaa nalo.

Sauti ikatoka. Safari hii walikuwa wakimtazama usoni. Waliona shingo ikikakamaa na jicho la kulia likifurika chozi, wakaona mkono unaotafuta nguzo ya baraza. Mama akatupa ungo, mchele ukamwagika.

"Mwache!" akamfokea mumewe, ambaye hakuwa amesema neno. "Huyu si mwanafunzi wako! Unataka afie hapa ndiyo umpe alama?"

Mwalimu Mkuu akainuka, akampisha kiti chake mwenyewe. Wakasubiri, wote watatu, mpaka maumivu yapite. Mama akaleta maji mengine, ya vuguvugu.

"Lakini dakika ile si ilipita?" Mwalimu Mkuu akauliza baadaye, kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nafunga viatu. Ungeniita."

Fundi akajua swali hilo lingekuja. "Ilipita. Nilinyamaza makusudi. Meno ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba sina mwingine nyumbani. Nikaona mkiondoka, yeye atabaki." Akameza mate. "Na amebaki. Anakula amenipa mgongo. Jibu nililokuwa nalo siku ile ni hili: karibuni, mlifika kwenu. Kama bado mnataka kulisikia."

Mama alikuwa ameinama akiokota mchele, punje kwa punje. Alikuwa na wana wawili walioko mbali. "Tutakuja Jumapili," akasema. "Na barafu msiweke."

Jioni ile Fundi alimweleza binti yake yote mawili, la meno na la mlangoni. La meno binti alilipokea kwa kumshika taya na kumgeuza uso kwenye mwanga kama anavyofanya kwa watoto wake wa chekechea. La mlangoni alikaa nalo muda mrefu. Mwisho akauvuta mkeka wake kutoka dirishani, akakaa akimwelekea, wakala. Binti akasema, "Hilo la pili litanichukua muda, baba."

"Najua, mama."

&nbsp;

Binti aliolewa, akahamia kwa mumewe, mwendo wa saa mbili kwa basi. Kikombe cha miswaki kikabaki na mswaki mmoja, laini, wa bluu. Fundi aliushika kwa vidole kama kalamu. Alitema bila kusukutua. Usiku alipaka dawa kwa kidole na kulala nayo mdomoni, ikiwa na ladha ya kitu cha watoto. Misumari aliitia kwenye kopo la maziwa, akabandika sumaku kwenye mpini wa nyundo, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitano mdomo wake ulikuwa mtupu wakati wa kazi. Hakujua aufanyie nini. Kuna siku alijikuta anaimba.

Kila Jumatano binti alipiga simu, na kila Jumatano aliuliza kwanza kuhusu meno. Fundi alitoa taarifa kamili: chai imeacha, upepo umeacha, chungwa bado. Wiki ya sita ya matibabu binti aliahidi kuja Jumamosi ya wiki inayofuata na dawa nyingine, kwa sababu kule kwake ilipatikana kwa urahisi.

Wiki ya saba, Jumatano mchana, alitoka karakana na kiu, akafungua friji, akamimina maji, akanywa bila kufikiri. Nusu glasi ilikuwa imeshapita ndipo alipokumbuka kuogopa. Akasubiri. Hakuna kilichokuja. Akanywa tena, akayazungusha upande wa kulia, akayashikilia. Yalikuwa maji tu.

"Mama!" akaita. "Njoo uone!"

Nyumba haikujibu. Akasimama na glasi mkononi, mdomo wazi, hewa ikiingia na kutoka bila kumuuma popote. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Akaiosha ile glasi, akaifuta, akairudisha kabatini kwenye nyingine tano.

Simu ikalia jioni.

"Meno je, baba?"

Angeweza kusema bado. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na binti angekuja Jumamosi na dawa, na Jumamosi nyingine, na nyingine.

"Yamepona," akasema. "Leo nimekunywa ya friji."

"Kweli? Hata hukusonya?"

"Hata kidogo."

Wakacheka, yeye huku na binti kule. Halafu binti akasema, "Basi Jumamosi hutahitaji dawa."

"Sitahitaji."

Fundi aliusikia mlango ukifungwa kule kwa binti yake, na sauti ya sufuria. Akaivuta pumzi, ikapita katikati ya meno yake bila sauti yoyote.

"Lakini njoo," akasema. "Nipo peke yangu, mama. Njoo tu."